Asilimia Nne Iliyonifunza Adabu

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba hasira ni hasara. Mimi niliyeshika kalamu hii nimeionja hasara hiyo kwa ulimi wangu mwenyewe, na ingawa aibu yake bado hunikereketa, nimeona heri niwasimulie wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kwa kuwa kisa chenyewe kina mafunzo. Tena kina fizikia ndani yake. Najua wamo humu shuleni wanaoamini kwamba mtu wa Kiswahili na mtu wa fizikia hawawezi kula sahani moja. Hao nawaomba wasubiri kidogo.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka wa 2023. Shule zilikuwa zimefungwa nami nilikuwa nimemaliza Kidato cha Tatu. Mvua za El Nino zilikuwa zikinyesha usiku na mchana. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi wajukuu humwita Susu, alikuwa amepatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alikata shauri kwamba atibiwe kwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, katika hospitali moja jijini Nairobi. Mama hangeweza kuacha kazi, naye mjomba, ambaye alitupa chumba kwake Umoja, hutoka alfajiri na kurudi usiku. Basi kura ikaniangukia mimi. Kazi yangu ikawa kumpeleka Susu hospitali kila asubuhi, kumsubiri na kumrudisha.

Msomaji mpenzi, kabla hatujaendelea yafaa umjue Susu. Ni mama wa soko. Ameuza ndengu na maharagwe huko Kitui tangu mama yangu akiwa mtoto mchanga mgongoni. Chombo chake cha kazi ni gorogoro, ule mkebe ambao kila mmoja wetu anaujua, na kijiti cha kusawazishia. Akishajaza mkebe hupitisha kijiti juu, kiasi kikawa sawasawa, kisha huongeza konzi moja ya nyongeza. Hakwenda shule, lakini hesabu ya gorogoro humdanganyi.

Siku 16 za kwanza zilipita bila taabu. Tulikuwa tukifika saa moja unusu, tunaketi kwenye benchi na wagonjwa wengine, na jina la Susu likiitwa anaingia katika chumba chenye kuta nene na mlango mzito. Baada ya dakika kumi na tano hivi anatoka akijifunga leso. "Umesikia nini, Susu?" nikamwuliza siku ya kwanza. "Sikusikia kitu," akajibu. "Imelia kama nyuki, halafu ikanyamaza." Nami nikadhani ni kurunzi kubwa tu, unaiwasha na kuizima.

Hamadi! Siku ya 17, Jumanne, saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Hakuna jina lililoitwa. Benchi likajaa, watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka Garissa akasema wazi kwamba nauli ya kurudi kesho hana. Mwishowe akatoka mwanamke mmoja wa makamo, amevaa koti jeupe na miwani, mkononi ameshika daftari kubwa. Akatusalimu kwa upole, kisha akasema, "Poleni sana. Leo mashine haitatibu mtu. Kipimo cha asubuhi kimetoka juu kwa asilimia nne. Siwezi kuiruhusu mpaka tujue sababu."

Mwanafunzi mwenzangu, damu ilinichemka. Nilikumbuka usiku ule Susu aliokesha akitapika, matatu mbili tulizopanda na matope tuliyoyakanyaga. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu alisikia:

"Asilimia nne! Kwani nne ni nini? Mimi nikikosa asilimia nne kwa mtihani, hata mwalimu haniiti ofisini! Watu wametoka mbali, ni wagonjwa, na nyinyi mnawafukuza kwa sababu ya nne? Mnatuchezea!"

Kimya kilitanda. Yule mwanamke hakunijibu. Aliyenijibu ni Susu, tena kwa Kikamba, maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. Ufupi wake ni huu: "Keti. Hujui kinachopimwa, na unamfokea anayepima."

Niliketi. Kijasho chembamba kilinitoka.

Wagonjwa walipokwisha kutawanyika, yule mwanamke alikuja akaketi karibu na Susu. Susu akamwomba msamaha kwa niaba yangu, akimwita daktari. "Mama, mimi si daktari," akasema akitabasamu. "Mimi ni mwanafizikia. Daktari anaandika dawa, mimi nahakikisha mashine inatoa ile dawa aliyoandika. Huyu kijana ameuliza nne ni nini. Ni swali zuri, ameliuliza vibaya tu. Njooni niwaonyeshe, mashine imezimwa."

Basi tukaingia, Susu kwa fimbo yake na mimi nikimfuata nyuma kama mbuzi aliyelowa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ile niliyoiita kurunzi ni mtambo wa kuharakisha chembe. Ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka elektroni zinachomoka. Elektroni hizo huingizwa katika bomba lisilo na hewa, fupi kuliko dawati letu la darasani, na humo husukumwa na mawimbi ya redio yanayotikisika kama mara bilioni tatu kwa sekunde. Ni ndugu wa mawimbi ya jiko la maikrowevu, ila haya yana nguvu zaidi. Elektroni hupanda mawimbi hayo kama vijana wa pwani wanavyopanda mawimbi ya bahari, na zikifika mwisho zina mwendo unaozidi asilimia 99 ya mwendo wa mwanga. Sumaku huusukuma mwale huo kushoto na kulia ili usiguse kuta. Mwishowe mwale hugonga kipande cha tungsteni, na kwa kugonga huko huzaliwa eksirei kali. Hizo ndizo zinazoingia mwilini kuua saratani.

"Sasa kijana," akaniuliza, "mwale wenyewe huuoni, huusikii, wala huwezi kuugusa. Utajuaje umetoa kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba eksirei zikitoka kwenye tungsteni hupita kwanza katika vijisanduku viwili vyembamba mno, vyenye kuta za karatasi ya plastiki na hewa iliyofungiwa ndani. Hivi huitwa chemba za ioni. Eksirei zikipita hung'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa ile, na umeme mdogo hutokea. Umeme huo huhesabiwa. Eksirei zikiwa nyingi, umeme ni mwingi, na zikiwa chache, umeme ni mchache. Kompyuta huhesabu mpaka ifike namba iliyoandikwa kwa ajili ya mgonjwa, kisha huzima mwale. Chemba ya kwanza ndiyo inayohesabu, na ya pili ni shahidi, ili ya kwanza ikilala ya pili ipige kelele.

Susu alikuwa akisikiliza huku mimi nikimtafsiria kwa Kikamba pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Akainua kidole. "Hiyo ni gorogoro," akasema.

"Ndiyo, mama! Ni gorogoro yenyewe."

"Na nani anaipima gorogoro?"

Mwanafizikia alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwamba kazi yake yote imo katika swali hilo. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, huweka kitandani kitu mfano wa mwili wa binadamu. Mara nyingine huwa ni tangi la maji, mara nyingine ni vipande vya plastiki nzito kama maji. Ndani yake huingiza chemba nyingine ndogo kama kifuniko cha kalamu, ambayo imelinganishwa na vipimo vya maabara ya viwango. Huamuru mashine itoe vipande 100, ambavyo vinapasa kuleta kipimo cha grei moja. Grei ni kizio cha mionzi kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Ikisoma moja kamili, vizuri. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia tatu, hakuna matibabu.

Akafungua daftari lake. Nakumbuka namba zile kama nilizozichonga kwenye mti. Jumatano ya wiki iliyotangulia: 1.006. Alhamisi: 1.013. Ijumaa: 1.021. Jumatatu: 1.028. Na asubuhi ile ya Jumanne: 1.041.

"Hizi nne za kwanza zilikuwa ndani ya mpaka," akasema, "lakini ziangalie vizuri. Zinapanda ngazi. Tangu Ijumaa nimekuwa nikimpigia fundi simu. Kitu kinachopanda hivi hakitasimama kwa nne."

Bandu bandu huisha gogo. Mimi nilikuwa nimeiona ile nne peke yake, yeye alikuwa ameiona safari nzima.

Jambo lililofuata ndilo lililonifanya nipende fizikia. Aliniuliza Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi gani. Nikajibu kama tulivyofunzwa katika Jiografia, zaidi ya mita 1,600. "Kwa hivyo hewa ya Nairobi ni nyepesi au nzito kuliko ya Mombasa?" Nyepesi, nikasema. Hapo ukutani palikuwa na baromita na kipimajoto. Akanieleza kwamba ile chemba yake ndogo iko wazi, hewa ya chumbani huingia na kutoka. Mombasa hewa ni nzito, kwa hivyo chembe za hewa ndani yake ni nyingi na umeme ni mwingi. Nairobi chembe ni chache, na mionzi ile ile huleta umeme pungufu kwa kama moja ya tano. Mtu akisahau kusoma baromita atadhani mashine ni dhaifu, ataiongeza nguvu, na mgonjwa ataungua. Kwa hivyo kila asubuhi husoma shinikizo la hewa na joto la chumba, akapiga hesabu, ndipo akaandika.

Chemba za ndani ya mashine hazikuwa hivyo. Zilifungwa kiwandani, na hewa yake haitakiwi kubadilika hata uipeleke mashine juu ya Mlima Kenya.

"Sasa fikiri," akaniambia. "Kama kuna tundu dogo, dogo kuliko ncha ya sindano, hewa ya ndani inatoka polepole mpaka ilingane na hii yetu nyepesi. Itakuwaje?"

Nilifikiri. Chembe za hewa zinapungua. Umeme unapungua. Kompyuta inahesabu polepole. Inasubiri ifike namba yake. Na wakati inasubiri...

"Mwale unaendelea kutoka," nikasema, na sauti yangu ilitetemeka.

"Naam. Kompyuta inaonyesha namba ile ile, taa ni za kijani, kila kitu shwari. Lakini mgonjwa anapata zaidi. Hewa ikivuja yote, angepata zaidi kwa kama moja ya tano."

"Na yule shahidi wa pili?" nikauliza.

"Katika mashine hii chemba zote mbili zimo ndani ya ganda moja. Ganda likivuja, zinavuja pamoja. Mashahidi wawili waliolala nyumba moja, kijana, huo ni ushahidi mmoja."

Nilimtazama Susu. Kibofu chake na utumbo wake viko vidole viwili tu kutoka pale panapochomwa. Nikauliza swali ambalo lilikuwa limenikaba koo: je, siku zile zilizopita ameungua? Yule mwanamke hakulikwepa. Alichukua kalamu akajumlisha pamoja nami siku zote 16, nyingi zikiwa karibu na sawasawa na zile chache za mwisho zikiwa juu. Zaidi yake kwa jumla haikufika moja kwa mia. Akaniambia kwamba tangu mwaka wa 1976 tume ya kimataifa ya vizio na vipimo vya mionzi imependekeza kwamba kipimo kinachomfikia mgonjwa kisiachane na kilichoandikwa kwa zaidi ya asilimia tano. "Na hiyo tano si yangu peke yangu," akasema. "Mgonjwa akilala vibaya kidogo, anakula sehemu. Picha ikikosea kidogo, inakula sehemu. Mashine ikila nne peke yake, wengine watakula nini?"

Hapo nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Nilimwomba radhi. Akasema, "Umekwisha samehewa. Ukirudi shule, soma."

Siku nne Susu hakutibiwa. Zilikuwa siku ngumu. Si kwamba alikuwa na maumivu tu, bali alikuwa amechoka. Jumatano usiku aliniambia nimfungie mizigo, anataka kurudi Kitui, mvua zimefika na hakuna wa kumpandia ndengu. "Kumi na sita zatosha," akasema. "Mungu akitaka nipone nitapona kwa hizo." Nilimwendea mjomba, mjomba akampigia mama, mama akalia kwenye simu. Hakuna aliyemweza. Nilikuwa nimeambiwa hospitalini kwamba kwa ugonjwa ule madaktari hutaka matibabu yote yaishe ndani ya wiki nane, na kwamba anayekatiza katikati huipa saratani nafasi ya kuamka. Lakini utamwambiaje Susu habari za wiki nane?

Basi nikaketi chini karibu na kitanda chake, nikamwuliza, "Susu, mtu akija sokoni ananunua gorogoro 25, ukimpimia 16 ukamwambia nenda, utasema umemuuzia?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo mama mwenye miwani alikataa kunipimia kwa mkebe uliotoboka. Mimi nami nisikatae kungoja." Akageukia ukuta, akalala. Asubuhi mizigo ilikuwa imefunguliwa.

Alhamisi fundi alifika na chemba mpya. Ijumaa mwanafizikia alipima kutwa kucha, kwa chemba yake ya kwanza na ya pili, akitafuta kila namba upya. Jumamosi Susu alitibiwa mara ya 17. Daktari alipanga upya siku zilizobaki. Ijumaa moja alitibiwa mara mbili, asubuhi na jioni, pakiwa na nafasi isiyopungua saa sita katikati, na Jumamosi nyingine pia akatibiwa. Alimaliza Jumatatu, mkesha wa Jamhuri Dei, siku tatu tu baada ya tarehe iliyopangwa mwanzoni. Kisha akapewa ile mionzi ya ndani, tukarudi Kitui.

Niliporudi shule mwaka wa 2024 nilifanya kama nilivyoagizwa. Tulipofika sura ya miale ya kathodi, mwalimu wetu alipochora elektroni zikipindwa na sahani mbili za umeme, wenzangu walikuwa wakisinzia lakini mimi nilikuwa nimekaa ncha ya kiti. Nilisoma kila nilichopata maktabani. Nikajua kwamba mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa mtambo wa namna ile alitibiwa katika hospitali ya Hammersmith, London, mwaka wa 1953. Nikasoma pia habari iliyoninyima usingizi. Kati ya mwaka wa 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Programu ya kompyuta ilikuwa na kasoro, hata mwale mkali wa elektroni ukaachiliwa ukiwa bado haujawekewa vizuizi vyake. Na unajua chemba za ioni zilisema nini? Mionzi ilikuwa mingi mno hata zikalemewa, zikaonyesha kwamba mgonjwa amepata kidogo! Mwendeshaji mmoja, kwa kuona hivyo, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Nikakumbuka zile taa za kijani.

Lakini nilisoma na mambo ya kuchekesha. Huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi, kuna kituo cha CERN chenye handaki la mviringo la kilomita 27. Kati ya mwaka wa 1989 na 2000 handaki hilo lilikuwa na mtambo ulioitwa LEP, uliozungusha elektroni na ndugu zao positroni. Pembezoni mwa bomba palikuwa na vifungo vya chuma, viwili juu na viwili chini. Mwale ukipita karibu zaidi na kifungo kimoja, kifungo hicho hupata umeme mwingi kuliko wenzake, na kwa kulinganisha vifungo hivyo wanajua mwale uko wapi. Wataalamu waliona nguvu ya mwale ikipanda na kushuka bila sababu. Kumbe ni mwezi! Mwezi huvuta ardhi kama uvutavyo bahari ya Mombasa ikajaa na kupwa, na mviringo ule wa kilomita 27 ulikuwa ukirefuka na kufupika kwa milimita moja hivi. Mwaka wa 1995 wakagundua kwamba hata umeme unaovuja kutoka kwa reli za gari moshi la mwendo kasi ulikuwa ukigusa sumaku zao. Na mwaka wa 1996 mwale ulikataa kabisa kuzunguka. Walifuata vipimo mpaka mahali unapokwama, wakalifungua bomba, wakakuta chupa mbili za bia. Lo! Sijui aliyezinywa alijificha wapi.

Katika handaki hilo hilo, tangu mwaka wa 2008, kuna mtambo mkubwa zaidi wa protoni, zinazolizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Na walinzi wake ni kina nani? Chemba za ioni, zaidi ya 3,500, zimepangwa kandokando ya njia, zikisikiliza kama kuna chembe zinazopotea. Zikisikia hatari, mwale hutupwa nje kabla binadamu hajawahi kupepesa jicho. Nilifurahi sana kusoma hivyo. Dada zake wa mkebe wa Susu wako hata huko kwa wakubwa.

Agosti ya mwaka huo wa 2024 nilimsindikiza Susu kliniki. Daktari alimkagua akasema hali ni njema, arudi baada ya miezi mitatu. Hatukushangilia sana, maana tumefundishwa kuhesabu miaka, si miezi. Tulipotoka Susu alikataa kwenda stendi. Alinivuta mkono mpaka kwenye lile benchi la zamani, akaomba aitiwe "yule mama wa kupima."

Mwanafizikia alipokuja, Susu alifungua kiondo chake. Ndani mlikuwa na mfuko, gorogoro na kile kijiti chake. Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa mchezo. Alimimina ndengu katika mkebe mpaka zikafurika, akapitisha kijiti juu polepole, kwa namna ya mtu anayejua kwamba anatazamwa na fundi mwenzake. Akazitia katika mfuko wa karatasi. Kisha akachota konzi moja nzima, akaongeza.

"Mama, hii imezidi," yule mwanamke akasema.

"Ya ndengu inaruhusiwa kuzidi," Susu akamjibu. "Ni ile yako tu isiyozidi."

Wasomaji wapenzi, sina mengi ya kuongeza. Asilimia nne katika mtihani ni alama tu, na waweza kuzifidia muhula ujao. Kuna mahali pengine ambapo nne ni kibofu cha nyanya ya mtu. Siku hizi nikimwona mtu anapima jambo mara ya pili na ya tatu ilhali sisi tumesimama foleni, huwa naikumbuka ile Jumanne, nauma ulimi, nangoja. Na mwakani, Mungu akipenda, nikijaza fomu za chuo kikuu, najua nitakachoandika pale kwenye nafasi ya kwanza.